Ukoga Ndani ya Mtungi

Mtungi wa plastiki wa lita 20, ule uliotoka kiwandani ukiwa na mafuta ya kupikia, huishi maisha mengi ukishafika Bute. Huteka maji ya bwawa, hufungwa ubavuni mwa punda, na wenzake wadogo wa lita tano au kumi hupewa kazi ya kubeba maziwa ya ngamia kutoka malishoni hadi sokoni. Huoshwa, tena mara nyingi: maji kidogo, mchanga au kokoto kadhaa, unatikiswa kwa nguvu, unamwagwa. Lakini chini ya mpini na kwenye mabega ya mtungi, mahali ambapo mkono hauingii na kokoto hazifiki, hubaki ukoga, tabaka jembamba linaloteleza, lisilo na rangi ya kutisha wala harufu ya kumshtua mtu. Wanasayansi huuita utando wa bakteria. Kwa takriban miaka ishirini sasa, silaha inayosifiwa zaidi dhidi yake katika majarida ya utafiti ni chembe za nano, yaani vipande vya madini au mafuta vyenye upana wa nanomita 1 hadi 100, wakati bakteria wa kawaida ana urefu wa nanomita elfu moja hivi au zaidi. Bute, mji ulio Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, haupo kwenye majarida hayo. Hata hivyo, ukitaka kujua ahadi ya chembe hizi ina uzito gani, ni vigumu kupata mahali pa kuipimia panapozidi pale, kwa sababu kila kitu ambacho maabara hukiondoa ili jaribio lifaulu, Bute kipo tele: tope, chumvi, maziwa, joto, na chombo kisichosuguika.

Kosa la kwanza katika kuufikiria ukoga ni kudhani kwamba ni bakteria wengi tu waliorundikana. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, aliyetengeneza hadubini zake mwenyewe, alikwangua uchafu wa meno yake katika miaka ya 1680 akaona viumbe vidogo vikihangaika humo. Alipojaribu siki, aligundua kwamba waliochanganywa nayo hufa, lakini siki ile ile ikisukutuliwa mdomoni haikuwaangamiza waliojificha ndani ya uchafu wenyewe. Jambo hilo lilikaa karibu miaka mia tatu kabla ya kupewa uzito wake. Mwaka 1978 mwanabiolojia wa Kanada, J. William Costerton, pamoja na wenzake, waliandika kuhusu jinsi bakteria wanavyojibandika, na polepole ikaeleweka kwamba katika mito, mabomba, vidonda na meno, bakteria anayeelea peke yake ndiye wa nadra. Walio wengi wamekaa kwenye uso wa kitu fulani, wamezungukwa na ute walioutengeneza wenyewe kwa sukari ndefu, protini na DNA. Ute huo ni maji kwa sehemu kubwa, lakini ni maji yaliyoshikwa. Dawa ikiingia hupungua nguvu njiani. Walio tabaka la chini hupata chakula na oksijeni kidogo, hivyo hukua polepole mno, na antibiotiki nyingi huua kile kinachokua. Wengine hulala kabisa, na dawa ikiisha huamka. Ndiyo maana bakteria wa aina moja wanaweza kuhitaji dawa mara kumi hadi mara elfu zaidi wakiwa ndani ya utando kuliko wakiwa wanaelea, bila hata kuwa na jeni la usugu.

Hapo ndipo chembe za nano zilipoingia na matumaini mengi. Udogo wake huziwezesha kupenya penye ute. Uso wake ni mkubwa mno ukilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo gramu moja hugusana na vitu vingi. Chembe za madini ya fedha huachia ioni zinazoshika protini za bakteria na kuharibu ngozi ya seli. Za oksidi ya zinki na za shaba huzalisha aina za oksijeni zenye ukali. Za oksidi ya chuma zinaweza kuvutwa kwa sumaku zikapasue ute kwa nguvu za kimwili. Nyingine hazina sumu yoyote, ni vifurushi vya mafuta vinavyobeba dawa hadi ndani. Mfano uliofika hospitalini ni amikasini iliyofungwa kwenye vifurushi vya mafuta na kuvutwa kwa pumzi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa maradhi sugu ya mapafu yanayoletwa na bakteria wa jamii ya Mycobacterium avium. Vifurushi hivyo huzidi nanomita 100, lakini wanaoandika kuhusu nano huwa hawana ukali wa mipaka. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba nano ni neno la kuombea fedha za utafiti tu. Jambo lipo, limepimwa, na kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yamekataa dawa nyingine, tofauti inaweza kuwa kubwa.

Lakini tuangalie jaribio la kawaida linavyofanywa. Bakteria wa aina moja huoteshwa kwenye kisahani cha plastiki kwa siku moja au mbili, chembe hutiwa, kisha huhesabiwa waliobaki. Maji ni safi, chakula chake kinajulikana, utando ni mchanga. Chukua chembe hizo hizo za fedha uzitie ndani ya mtungi wa maziwa. Ioni ya fedha hupenda salfa, na maziwa yamejaa protini zenye salfa, kwa hiyo sehemu kubwa itashikwa na maziwa kabla haijauona ukoga. Uzitie kwenye maji ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo visima vingi vya Wajir, na kloridi itaziteka ioni hizo na kuzigeuza chumvi isiyoyeyuka. Uzitie kwenye maji ya bwawa yaliyotibuliwa na kwato, nazo zitanata kwenye udongo. Klorini nayo ina udhaifu wa namna hii, na kila familia iliyowahi kumimina WaterGuard kwenye maji ya matope inajua kwamba kipimo cha kwenye chupa hakitoshi. Shirika la Afya Duniani, lilipochapisha tathmini yake ya fedha kama dawa ya maji ya kunywa mwaka 2018, halikuona ushahidi wa kutosha wa kuitegemea peke yake. Inachukua saa nyingi, na matokeo hubadilika kulingana na kilichomo majini. Naona hilo linatosha kumaliza ndoto ya chupa ndogo ya matone ya nano itakayouzwa dukani Bute na kumwagwa ndani ya kila kitu. Huko ni kumpiga bakteria anayeelea kwa silaha iliyobuniwa kwa bakteria aliyejibandika.

Utando ni suala la uso. Huanza siku ile seli ya kwanza inaposhika ukuta, na hushindwa pale ukuta unapokataa kushikwa au unaposafishwa kabla tabaka halijakomaa. Nikilitazama jambo kwa jicho hilo, mtu aliyelielewa mapema kuliko maabara ni mama mfugaji anayefukiza chombo chake cha maziwa. Wasomali wana dhiil, Waborana na majirani zao wana gorfa, vyombo vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi au kuchongwa kwa mti, vyenye mdomo unaoruhusu kazi ya mkono. Baada ya kuoshwa, kijiti chenye kaa la moto huingizwa ndani, chombo hufunikwa, moshi hukaa, kisha masalia hufutwa. Miti haichaguliwi ovyo. Katika kaskazini mwa Kenya inayotajwa mara kwa mara ni mzeituni mwitu, migunga ya aina fulani na mjunju. Joto hukausha uso, na ukavu ni adui wa kwanza wa utando. Moshi huacha fenoli na asidi kwenye nyuzi za chombo, sumu kidogo iliyobandikwa ukutani, pale pale adui anapotaka kujenga. Huo ni mkakati uleule ambao watafiti wa nano wanaujaribu wanapopaka chembe za fedha kwenye mipira ya mkojo na vifaa vya hospitali: dawa isielee, ikae kwenye uso. Moshi wenyewe, kwa wanaopenda mambo ya namna hii, umejaa chembe za kaboni zenye upana wa makumi ya nanomita.

Kilichoharibu mpango huo ni mtungi wa plastiki, na ulikuja kwa sababu za maana. Ni mwepesi, ni wa bei ndogo, haupasuki ukianguka kutoka juu ya lori, na kifuniko chake hakivuji barabarani. Mfanyabiashara wa maziwa, ambaye karibu kila mahali kaskazini ni mwanamke, hawezi kupeleka dhiil kwenye basi asubuhi na kutarajia irudi jioni ikiwa nzima. Ila plastiki haifukiziki. Kaa la moto huiyeyusha. Mdomo wake haupitishi mkono, na kokoto zinazotumika kuusafisha huukwaruza ndani, zikiongeza mifereji ambamo bakteria hukaa salama. Tulipohama kutoka chombo cha asili kwenda chombo cha kisasa tulipoteza usafi ambao hatukujua kwamba tunao. Upande wa maji, ushahidi umetoka mbali kidogo na Wajir lakini hali zinafanana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Limpopo, Afrika Kusini, uliuonyesha utando ulioota kwenye kuta za vyombo vya kuhifadhia kuwa chanzo kimojawapo cha bakteria wanaorudi katika maji ya kunywa ya nyumbani. Na katika kambi ya wakimbizi nchini Malawi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba familia zilizopewa ndoo yenye kifuniko na mdomo wa kumiminia zilipata upungufu wa asilimia 31 wa kuhara kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Hakuna dawa mpya iliyotumika pale. Umbo la chombo lilibadilika.

Atatokea mtu aseme kwamba namtukuza mama na moshi wake kwa kuwa ni mambo ya kale. Hoja hiyo ina haki yake. Moshi wa kuni una kemikali zinazohusishwa na saratani, na zinaweza kuhamia kwenye maziwa. Miti inayopendwa inakatwa mahali ambapo kila mti una kazi nyingine tatu. Na ufukizaji hupunguza bakteria, hauwamalizi. Watafiti wa Kenya na Uswisi walipochunguza susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, kutoka Kenya na Somalia, waliwakuta kwa wingi bakteria waitwao Streptococcus infantarius, wa ukoo unaohusishwa na maradhi kwa binadamu, na ambao baadhi yao wamepata jeni za kusaga sukari ya maziwa zinazofanana sana na za bakteria wanaotumika viwandani kugandisha mtindi. Yaani bakteria hao wamejifunza kuishi katika maziwa yetu kama wenyeji. Moshi haukuwazuia. Nakubali yote hayo, na bado hayageuzi hoja. Sisemi moshi ni salama kuliko sayansi. Nasema moshi unatibu uso, na kitu kitakachouondoa kwa haki lazima kitibu uso vizuri zaidi yake: chombo cha alumini au cha chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana, kinachochemshwa au kusuguliwa kwa brashi na sabuni. Vyama vya wanawake wauza maziwa ya ngamia vya Isiolo, Anolei kikiwa kinachojulikana zaidi, vinalijua vizuri suala hili la kutoka plastiki kwenda chuma, na vinajua pia kwamba bei ya kopo moja la chuma hununua mitungi mingi ya plastiki.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa. Waraka wa Kikao Namba 10 wa serikali ya Kenya, wa mwaka 1965, uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye ardhi na mvua za kuleta faida ya haraka, na kaskazini ikaachwa ingoje. Mtu wa Bute ana sababu ya kusikia, katika kila ushauri wa kusugua chombo, sauti ileile ya zamani: teknolojia ya wakubwa ibaki Nairobi, ninyi tumieni brashi. Kama makala haya yanasikika hivyo, basi yanastahili kukasirikiwa. Lakini kuipatia Bute teknolojia iliyotengenezwa kwa maji ya mahali pengine ni namna nyingine ya kuidharau. Mfano wa kazi ya heshima uko Arusha. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano, na mwaka 2015 likampatia tuzo ya kwanza ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi inayotolewa na chuo cha kifalme cha uhandisi cha Uingereza. Sifa ya chujio hilo kwangu iko katika jambo dogo, kwamba linaweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floridi huku, metali nzito kule. Na chembe zake zimefungwa ndani ya chujio. Hazimwagwi kwenye maji. Vivyo hivyo vichujio vya udongo wa kuchoma vilivyopakwa fedha, ambavyo asili yake ni Guatemala ya mwaka 1981 na ambavyo leo vinafinyangwa katika nchi nyingi, ikiwemo Kenya. Fedha iliyo kwenye udongo huzuia utando usiote kwenye chujio lenyewe, kazi ndogo, mahususi, inayopimika. Hapo nano iko nyumbani kwake.

Kaunti tangu mwaka 2013 ndizo zenye dhamana ya huduma za afya, maji ya wananchi na mifugo, kwa hiyo swali la chujio la namna hiyo lingejibiwa Wajir, si wizarani. Na jibu lisianze na chujio. Lianze na maji: bwawa la Bute lina udongo kiasi gani baada ya mvua na kiasi gani mwezi wa mwisho wa kiangazi, kisima kina kloridi kiasi gani, na baada ya miezi sita ya matumizi fedha kiasi gani imetoka kwenye chujio. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limewahi kusema kinaweza kuvumiliwa bila madhara ni miligramu 0.1 kwa lita. Hivyo ni vipimo vya kawaida vya maabara ya maji, havihitaji profesa. Bila hivyo, chujio litafungwa, litapigwa picha siku ya uzinduzi, litaziba kwa tope, na kipande chake cha udongo kitaishia kuwa bakuli la kuku. Chembe zilizobaki zitaelekea lagani, kwenye mkondo wa msimu, na mvua ya kwanza, na huko kuna viumbe vingine ambavyo fedha haitavichagua.

Kuna sababu ya mwisho ya kuzitumia chembe hizi kwa ubahili, nayo ni usugu. Wauzaji hupenda kusema kwamba bakteria hawawezi kuzoea madini kwa sababu madini huwashambulia kwa njia nyingi kwa pamoja. Si kweli kabisa. Mwaka 1975 kilielezwa kisa cha Boston, katika wodi ya walioungua ya Massachusetts General Hospital, ambapo Salmonella iliyovumilia dawa ya nitrati ya fedha iliwaua wagonjwa watatu. Jeni za uvumilivu huo zilikuwa kwenye kipande cha DNA kinachohamishika, pamoja na za kuvumilia antibiotiki. Ukimwaga fedha ovyo, unaweza kuwachagua kwa mkono mmoja waliozoea fedha na waliozoea dawa. Kaskazini mwa Kenya si mahali pa kufanyia mzaha wa aina hiyo. Tetrasaiklini hununuliwa dukani na kudungwa ngamia bila daktari wa mifugo, na Streptococcus agalactiae, wanaosababisha uvimbe wa kiwele kwa ngamia, wamekutwa Kenya wakiwa na jeni ya kuishinda. Kiwele chenye maradhi hutia bakteria kwenye maziwa kabla hayajafika kwenye chombo chochote, na hakuna mpako wa mtungi utakaowarudisha nyuma. Ukadiriaji uliochapishwa mwaka 2022 ulihusisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani kwa mwaka 2019 na bakteria waliozishinda dawa, huku Afrika iliyo kusini mwa Sahara ikibeba mzigo mzito. Silaha chache zilizobaki hazifai kutumiwa kuchangamsha rafu za duka.

Na maziwa yenyewe hayajafika vitani mikono mitupu. Mwaka 2002 kundi la watafiti wa Marekani lilionyesha katika jarida la Nature kwamba laktoferini, protini inayopatikana katika machozi, makamasi na maziwa, huwazuia Pseudomonas wasijenge utando kwa kuwanyima chuma. Bakteria waliokosa chuma hutangatanga juu ya uso bila kutulia mahali na kuanza kujenga. Hawauawi, wananyimwa makazi. Maziwa ya ngamia yana laktoferini, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu ya kukaa muda mrefu kidogo kabla ya kuchacha. Sijui kama maabara yoyote ingepata mfano bora wa kuiga kuliko huo: protini isiyo na sumu, iliyowekwa kwenye mpako wa ndani wa kopo la chuma, ikilinda uso dhidi ya wageni wa kwanza. Mpaka hapo, fedha za kaunti zikiwa haba, ningezigawa hivi: fungu kubwa makopo ya chuma yenye mdomo mpana kwa mkopo nafuu kwa vyama vya wauza maziwa, pamoja na brashi, sabuni na maji ya moto sokoni, fungu la pili vipimo vya maji na vya viwele, fungu la tatu vichujio vichache vya udongo uliopakwa fedha, vifungwe kwenye shule na zahanati ambako kuna mtu anayelipwa kuvisugua. Matone ya chupani nisingeyatengea shilingi.